Laini moja, kompyuta tano: Seva ya ofisi inavyogawa intaneti na kuzuia wezi

Na Mwandishi Wetu

OFISI nyingi za vyama vya msingi vya ushirika, maduka ya pembejeo na maghala ya wanunuzi wa mazao siku hizi hazimalizi siku ya kazi bila intaneti. Bei za mazao hutazamwa huko, malipo ya benki hupita huko, oda za mbolea na dawa hutumwa huko, na katika msimu wa 2024/2025 hata minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Hata hivyo, laini ya intaneti ikishaingia ofisini haileti bei na malipo peke yake. Njia ile ile inayomwezesha karani wa Masasi kufungua akaunti ya benki iliyoko Dar es Salaam ndiyo inayoweza kumfikisha mtu asiyejulikana, aliyeko nchi yoyote, hadi kwenye daftari la uzito na malipo ya wakulima. Daftari hilo likifutwa au likifungwa na wahalifu katikati ya msimu, mkulima aliyekwisha kupeleka magunia yake hana cha kuonyesha isipokuwa karatasi aliyopewa mkononi, kama bado anayo.

Makala haya yanaeleza kazi mbili zinazofanywa na seva ya ofisi kwenye njia ya intaneti. Kazi ya kwanza ni kuzigawia kompyuta nyingi laini moja. Kazi ya pili ni kuamua nini kipite na nini kizuiwe. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya mafundi, huzichanganya kazi hizi na kudhani kwamba ofisi iliyopata ya kwanza imepata na ya pili.

Anwani hazitoshi

Kila kompyuta inayozungumza kwenye intaneti inahitaji anwani, yaani namba inayoitambulisha, kama vile barua inavyohitaji namba ya sanduku la posta. Mpango wa zamani wa anwani hizo, unaoitwa IPv4, una anwani 4,294,967,296 tu. Namba hiyo ni kubwa kuitamka, lakini ni ndogo kuliko idadi ya watu duniani, na siku hizi mtu mmoja anaweza kuwa na simu mbili na kompyuta juu yake.

Februari 3, mwaka 2011, mafungu ya mwisho ya anwani hizo yaligawiwa kwa taasisi tano zinazosimamia anwani katika kanda za dunia. Taasisi ya Afrika ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Kwa sababu hiyo kampuni ya intaneti huipa ofisi ndogo anwani moja tu ya nje, na mara nyingine hata hiyo haiitoi.

Wataalamu waliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1994 ilitangazwa njia ya kubadilisha anwani katikati ya safari, inayojulikana kwa kifupi kama NAT. Mwaka 1996 yakatengwa rasmi mafungu matatu ya anwani za ndani ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia ofisini au nyumbani kwake bila kuomba ruhusa: zinazoanza na 10, zinazoanza na 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Kwa kuwa anwani hizo hizo zinatumika katika ofisi nyingi mno duniani, haziwezi kusafiri kwenye intaneti. Hazina maana nje ya ukuta wa ofisi husika.

Msomaji aliyekulia kijijini ataelewa kwa urahisi. Kijiji kizima kilikuwa kikipokea barua kupitia S.L.P. moja ya shule, ya parokia au ya chama cha ushirika. Mtu wa mjini alijua namba ya sanduku tu, hakujua nyumba ya mpokeaji iko upande gani. Karani wa ofisi ndiye aliyejua barua ipi ni ya nani.

Seva yenye NAT hufanya kazi ya karani huyo. Tuseme mhasibu anatumia kompyuta yenye anwani ya ndani 192.168.10.21 kufungua tovuti ya benki. Ombi lake linatoka kwenye mlango namba 51000 wa kompyuta yake kwenda kwenye mlango namba 443 wa benki. Milango hii, ambayo mafundi huiita poti, si ya mbao wala chuma. Ni namba tu, kuanzia 1 hadi 65,535, zinazotenganisha mazungumzo mbalimbali ya kompyuta moja.

Ombi likifika kwenye seva, seva inaondoa anwani ya ndani na kuweka anwani yake ya nje. Inaweka pia namba ya mlango wake, tuseme 40312, kisha inaandika kwenye jedwali lake kwamba 40312 ni ya kompyuta 192.168.10.21, mlango 51000. Benki inajibu kwa seva. Seva inatazama jedwali, inaona jibu ni la mhasibu, inarudisha anwani ya ndani na kumfikishia. Haya yote hufanyika kabla mhasibu hajainua kidole kwenye kibodi.

Vinavyohitajika

Si lazima chama kinunue mtambo wa gharama kubwa. Kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye afya nzuri na kadi mbili za mtandao, inatosha kwa ofisi ya watu watano hadi kumi. Kadi moja huunganishwa na laini ya kampuni ya intaneti. Nyingine huunganishwa na swichi inayozilisha kompyuta za ndani. Hakuna waya mwingine unaoruhusiwa kutoka nje kwenda kwenye swichi bila kupita kwenye seva.

Mfumo endeshi wa Linux hupatikana bila malipo, na programu ya kubadilisha anwani na kuchuja safari imo ndani yake. Programu iliyozoeleka na mafundi wengi, iptables, ilikuja na Linux 2.4 ya Januari 2001. Mrithi wake, nftables, aliingizwa Januari 2014, na ndiye anayetumika kama kawaida katika Debian tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Fundi anaweza kutumia yoyote kati ya hizo mbili, mradi asizichanganye kwenye seva moja bila kujua ipi inatawala.

Jambo moja la kuzingatia ni kwamba kompyuta hiyo isifanye kazi nyingine. Daftari la wakulima lisiwekwe kwenye seva hiyo ya mlangoni. Liwe kwenye kompyuta ya ndani. Hakuna mwenye ghala anayeweka sanduku la fedha kwenye kibanda cha mlinzi.

Kuigawa laini hatua kwa hatua

Kwanza, fundi hupanga anwani za kadi mbili. Ya nje hupata anwani kutoka kampuni ya intaneti. Ya ndani hupewa anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.10.1. Ni vizuri kuepuka 192.168.0 na 192.168.1, kwa sababu ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na namba hizo, na siku chama kitakapotaka kuunganisha ofisi yake na tawi jingine, anwani zitagongana.

Pili, seva hupewa kazi ya kuzigawia kompyuta za ndani anwani zao, kwa mfano kuanzia 192.168.10.100 hadi 192.168.10.200, na kuzielekeza kwamba njia ya kutokea ni 192.168.10.1. Kompyuta yenye daftari hupewa anwani isiyobadilika ili kanuni zinazoihusu zisipotee.

Tatu, seva huruhusiwa kupitisha safari kutoka kadi moja kwenda nyingine. Linux kwa kawaida haifanyi hivyo mpaka iambiwe. Maneno yanayoiambia ni net.ipv4.ip_forward=1, nayo huandikwa kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d ili yasipotee. Hatua hii ikisahaulika, kompyuta za ndani zitaiona seva vizuri lakini hazitafika kwenye intaneti, na ofisi itailaumu kampuni ya simu bure.

Nne, huandikwa kanuni ya NAT yenyewe. Kama anwani ya nje hubadilika, fundi hutumia neno masquerade. Kama ni ya kudumu, hutumia snat na kuitaja anwani hiyo. Kanuni hii huwekwa kwenye kadi ya nje peke yake.

Hapo kompyuta zote tano zitafungua tovuti, na mara nyingi fundi hufunga mkoba wake na kudai malipo. Kazi ya ulinzi bado haijaanza.

NAT siyo mlinzi

Ni kweli kwamba mgeni wa nje hawezi kuandika 192.168.10.21 na kufika kwa mhasibu. Jambo hilo huwafanya watu waamini kwamba NAT ni ukuta. Ziko sababu nne za kutoamini hivyo.

Sababu ya kwanza ni seva yenyewe. Seva ina anwani ya nje ambayo dunia nzima inaiona. Kama inasikiliza kwenye mlango namba 22, unaotumiwa na mafundi kuingia kwa mbali, programu za wahalifu zitaanza kujaribu maneno ya siri hapo, mara nyingi ndani ya saa chache tangu laini iwashwe. Programu hizo hazichagui chama tajiri au maskini. Zinapita kwenye namba moja baada ya nyingine.

Sababu ya pili ni milango iliyofunguliwa kwa makusudi na kusahaulika. Meneja akisafiri hutaka kuona kompyuta ya ofisini akiwa hotelini Dodoma, na fundi humfungulia mlango namba 3389, unaotumika kuendesha kompyuta za Windows kwa mbali. Meneja anarudi, mlango unabaki. Kadhalika kuna ruta na vifaa vyenye utaratibu wa UPnP, ambapo kifaa cha ndani hujifungulia mlango wa nje bila kumuuliza mtu.

Sababu ya tatu ni anwani mpya za IPv6. Hizi ni nyingi kiasi kwamba kila kompyuta hupata anwani yake ya nje na NAT haihitajiki. Kampuni ya intaneti ikiwasha IPv6, kompyuta ya mhasibu inaweza kuonekana moja kwa moja kutoka nje wakati kanuni za fundi zinahusu IPv4 tu. Anayetegemea NAT kama ukuta atakuwa amebaki uwanjani bila kujua.

Sababu ya nne ni kwamba NAT hupitisha kila kinachoanzia ndani. Kompyuta ikiambukizwa kwa barua pepe, programu ya mwizi ndiyo itakayopiga simu kwenda kwa mwenyewe, na seva itaibadilishia anwani na kuipitisha kwa uaminifu ule ule inaompitisha mhasibu.

Kinachotokea mlango ukiachwa wazi kilionekana Mei 12, mwaka 2017, dunia iliposhambuliwa na programu ya WannaCry. Ilikuwa ikitafuta kompyuta za Windows zilizoacha wazi mlango namba 445, unaotumika kugawana mafaili ofisini, inaingia bila mtu kubofya chochote, inafunga mafaili yote na kudai malipo. Kwa siku chache iligusa zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya kasoro hiyo mwezi Machi mwaka huo huo, lakini wengi hawakuyaweka. Mlango namba 445 hauna sababu yoyote ya kuonekana kutoka nje ya ofisi ya chama wala duka.

Kanuni za faiawoli

Mlinzi halisi ni faiawoli, yaani orodha ya kanuni ambazo seva huzisoma kwa kila safari inayofika mlangoni. Linux huzigawa safari hizo katika makundi matatu: zinazokuja kwa seva yenyewe, zinazopita kwenye seva kwenda kwingine, na zinazotoka kwenye seva. Mafundi wengi huandika kanuni za kundi la kwanza na kulisahau la pili, ambalo ndilo linalolinda kompyuta za ndani.

Orodha ya ofisi ndogo inaweza kuwa fupi:

1. Msingi wa orodha ni kukataa. Kila safari inayokuja kwa seva au kupita ndani yake ikataliwe, isipokuwa ile iliyotajwa hapa chini.

2. Majibu ya mazungumzo yaliyoanzia ndani yapite. Seva inajua, kwa kutazama jedwali lake, kwamba benki inajibu swali la mhasibu na wala haijaja yenyewe.

3. Kompyuta za ndani ziruhusiwe kuiomba seva anwani (mlango 67) na majina ya tovuti (mlango 53).

4. Kompyuta moja tu, ya msimamizi, iruhusiwe kuingia kwenye seva kupitia mlango 22.

5. Kutoka ndani kwenda nje, zipite tovuti (443 na 80) na barua pepe (993 na 587). Mlango 25 ukataliwe kwa kompyuta za wafanyakazi, ili kompyuta iliyoambukizwa isitumike kumwaga barua taka na kuifanya anwani ya chama ifungiwe na wapokeaji wa barua.

6. Kutoka nje kwenda ndani, kisipite kitu. Kama meneja anahitaji kuingia kwa mbali, uwekwe mlango mmoja wa njia ya siri ya VPN, kwa mfano 51820 wa WireGuard, ambayo iliingizwa ndani ya Linux mwaka 2020. Akishapita hapo kwa ufunguo wake, anakuwa kama yuko ofisini. Mlango 3389 usifunguliwe kamwe moja kwa moja.

7. Safari zilizokataliwa ziandikwe kwenye kumbukumbu, lakini kwa kikomo cha idadi kwa dakika. Bila kikomo, diski itajaa na seva itasimama.

Ujumbe wa ICMP, unaotumiwa na kompyuta kuarifiana kuhusu matatizo ya njia, usizuiwe wote. Ofisi zilizouzuia hujikuta na tovuti zinazofunguka nusu au zisizofunguka kabisa bila sababu inayoonekana. Kwa IPv6 ujumbe huo ni wa lazima, na kanuni zote zilizotajwa hapo juu lazima ziandikwe kwa IPv6 pia.

Mpangilio wa kanuni una maana. Seva husoma kutoka juu kwenda chini na mara nyingi huishia kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Kanuni ya "ruhusu yote" ikiwa juu, za chini yake ni mapambo.

Tenga kamera na wageni

Ofisi nyingi zimefunga kamera za ulinzi na kuruhusu wageni kutumia intaneti kwa simu zao. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi duniani kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi kubwa zikashindwa kupatikana kwa saa kadhaa.

Kamera na simu za wageni ziwekwe kwenye mtandao wao, kwa mfano 192.168.20, kupitia kadi ya tatu au swichi inayoweza kutenganisha mitandao. Kanuni moja iseme kwamba kutoka 192.168.20 kwenda 192.168.10 hakipiti kitu. Mgeni atapata intaneti yake, lakini hataiona kompyuta yenye daftari.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza linatokana na umeme. Kanuni zilizoandikwa kwa amri hukaa kwenye kumbukumbu ya muda ya seva. Umeme ukikatika na kurudi, zinapotea zote zisipokuwa zimehifadhiwa. Kwa nftables huhifadhiwa kwenye faili la /etc/nftables.conf, na huduma yake lazima iwashwe ili isome faili hilo kila seva inapoamka. Kipimo chake ni rahisi: mwambie fundi azime seva na kuiwasha mbele yako, kisha akuonyeshe orodha ya kanuni. Asipofanya hivyo kabla ya kulipwa, TANESCO itakufanyia kipimo hicho siku nyingine.

Kosa la pili ni fundi kujifungia nje. Akiwa mbali, anaandika kanuni ya kukataa yote kabla ya ile inayomruhusu mwenyewe, na mawasiliano yanakatika papo hapo. Kazi hii ifanywe kwenye kibodi ya seva, au fundi apange kanuni za zamani zijirudishe baada ya dakika tano kama hajathibitisha mpya.

Kosa la tatu ni kukosa kumbukumbu ya maandishi. Fundi akihama mji, hakuna ajuaye mlango upi ulifunguliwa, lini na kwa sababu gani. Chama kinachotunza leja ya kila kilo ya korosho kinaweza kutunza ukurasa mmoja wa milango.

Anayetumia laini ya simu

Maduka mengi hayana waya wala mnara. Yanatumia modemu yenye kadi ya simu. Hapo kampuni ya simu yenyewe huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja kwa NAT yake kubwa. Ukiona kadi ya nje ya ruta yako ina anwani kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, ujue uko nyuma ya NAT ya kampuni.

Maana yake ni mbili. Kwanza, hata ukifungua mlango kwenye seva yako, mtu wa nje hatafika. Ukitaka kuingia kwa mbali, seva yako ndiyo lazima ianzishe VPN kwenda kwenye seva nyingine yenye anwani ya nje. Pili, usitulie ukidhani kampuni inakulinda. Hujui kanuni zake, na zinaweza kubadilika bila wewe kuarifiwa. Kanuni zako ziandikwe vile vile.

Soma karatasi ya kanuni

Mwenyekiti au mwenye duka hahitaji kuwa fundi ili kukagua kazi. Aombe orodha ya kanuni ichapwe kwenye karatasi na atafute maneno machache. Kwenye nftables, sehemu zilizoandikwa input na forward ziwe na maneno policy drop. Maana yake ni kukataa yote yasiyotajwa. Yakiwa policy accept, aulize kwa nini. Yawepo maneno established na related, ambayo ni ile kanuni ya kupitisha majibu. Kisha ahesabu sehemu zenye neno accept, na fundi aeleze kila moja kwa Kiswahili cha kawaida. Ile ambayo fundi anashindwa kuieleza ifutwe.

Ukaguzi wa nje hufanywa kwa kompyuta iliyounganishwa na laini nyingine, siyo ya ofisi. Fundi hutumia programu ya nmap, inayobisha kwenye milango na kuorodhesha inayoitika. Apewe ruhusa ya maandishi kwa anwani ya chama peke yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, na kujitetea kwamba "nilikuwa najaribu tu" si jambo la kutegemea.

Aidha, majina ya wakulima, namba zao za simu na za akaunti ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina sheria kama hiyo tangu mwaka 2019. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya ghala.

Faiawoli haitoshi peke yake

Kanuni nzuri hazimzuii karani kufungua barua pepe yenye sumu au kuchomeka flashi aliyoazimwa. Haziondoi pia haja ya kuweka marekebisho ya programu kila yanapotoka, seva ikiwa miongoni mwao. Ulinzi wa mwisho wa daftari ni nakala ya akiba kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa mahali pengine kila siku ya kazi wakati wa msimu. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa na wahalifu pamoja na kompyuta.

Kwa chama au duka linalotaka kuanza wiki hii, kazi ziko tano na zinawezekana: kujua seva au ruta ipi ndiyo mlango wa intaneti na nani ana nenosiri lake, kubadilisha nenosiri la kiwandani, kuandika orodha ya milango iliyo wazi na sababu ya kila mmoja, kufunga 3389, 445 na 23 kutoka nje, na kuzima na kuwasha seva mbele ya viongozi ili kuona kama kanuni zinarudi. Karatasi ya orodha hiyo ikae kwenye faili la chama, isainiwe na fundi na katibu, na ipitiwe upya kabla ya msimu wa kununua mazao kufunguliwa.